Mbwa Aliyewazuia Wageni Kuondoka

Siku mliponiaga pale ofisi ya mifugo mlinifunga kitenge, mkaniletea keki yenye jina langu, kisha mkasema, "Mama Kabula, sema neno." Nikasimama, nikafungua mdomo, nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa muwa. Neno lenyewe ndilo hili sasa. Habari za vyeo siandiki. Vingine vilinichelewa mpaka nikavisahau. Naandika habari za mbwa na watu wenye mbwa, kwa sababu ng'ombe mmesomeshwa chuoni, na kuku kila mtu anajifanya anawajua, lakini mbwa hakuna aliyewafundisha. Nawaona mnavyoruka uzio.

Nilikuja Tabora mjini kutoka Sikonge, msichana mwembamba, binti wa mzee wa kanisa, nikiwa na viatu vipya vilivyonibana. Nilidhani siku ya kwanza nitapelekwa joshoni, ng'ombe wanakoogeshwa, nikashike sindano mbele ya watu. Nikakabidhiwa kwa Mzee Mihayo, mganga msaidizi wa mifugo, mzee mfupi mwenye baiskeli kubwa kuliko yeye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umekula?"

"Nimekula."

"Vizuri. Basi dagaa hawa usiwaguse, si wako."

Akanipa kifurushi cha dagaa wa Kigoma na kigoda cha miguu mitatu, akanipakia nyuma ya baiskeli. Tukaenda nyumba moja ambako mbwa alikuwa amewashinda wenyewe, hata mke wa mwenye nyumba anaingia kwa kupitia kwa jirani. Mzee Mihayo akaweka kigoda ndani ya lango, akakaa, akampa mbwa mgongo. Nilitaka kulia. Yule mbwa alibweka mpaka sauti ikamkauka, na mzee anaongea na mwenye nyumba habari za mvua na bei ya tumbaku, huku akidondosha dagaa mmoja mmoja nyuma yake bila kugeuka. Mwishowe mbwa akaja akamnusa shati, akala dagaa, akalala.

Njiani aliniuliza, "Umeona nini?"

"Nimeona mbwa mkali."

"Basi hujaona kitu. Yule mbwa muda wote alikuwa anamtazama nani?"

Nikafikiri. "Mwenye nyumba."

"Kesho na wewe mtazame huyo. Mbwa hana siri, binti. Siri anayo mwenye mbwa."

Nilifanya naye kazi mpaka alipostaafu, na baada yake nikaendelea na kigoda kile kile. Ninyi mna simu zinazopiga picha na kupima joto, sawa, hongereni. Zana zangu zilikuwa kigoda, dagaa, kamba ya katani na gunia la kutandika. Na mdomo, maana mwenye mbwa mkaidi mara nyingi ni mkaidi kuliko mbwa.

Yaliyobaki ni haya, na mniwie radhi nikiyasema kama mwalimu wa awali. Usimtazame mbwa usoni. Usimpitishie mkono juu ya kichwa. Nenda saa za chakula chake, uone nani anamlisha na nani anampiga. Uliza nini kimebadilika humo ndani: nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa. Na mtu aking'atwa, maji yanayotiririka na sabuni kwenye jeraha, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa amechanjwa, hata kama bibi yake ana dawa ya mti fulani. Bibi aheshimiwe, ila hospitali kwanza.

Nilikuwa napenda kazi ile, jamani. Nilipenda kutoka asubuhi na baiskeli, filimbi ya treni ikilia stesheni, wanafunzi wamejaa barabarani na sare zao. Msimu wa asali ukifika, kila nyumba uliyoingia huko vijijini ulitoka na vidole vinanata. Sasa nikiamka asubuhi sina pa kwenda, namwagilia mchicha. Mchicha haubweki.

Isevya palikuwa na mwenye duka, bwana mmoja mwenye tumbo la heshima, aliyeambiwa kwamba ukitaka mbwa awe mkali mlishe pilipili na manyigu, umfungie gizani mchana kutwa. Akafanya yote. Mbwa akamng'ata yeye mwenyewe, tena makalioni, akaja ofisini akasimama muda wote.

"Bi Afisa, nilitaka awe mkali."

"Kwani huyu si mkali?"

"Awe mkali kwa wezi!"

"Ulimwonyesha mwizi?"

"Hapana."

"Anayemtia pilipili mdomoni ni nani?"

"Ni mimi."

"Sasa yeye ameona mwizi ni nani?"

Ilituchukua msimu mzima wa kilimo kumrudisha yule mbwa kuwa mbwa. Tulivunja kile kibanda chake cha giza, mke akawa ndiye anayemlisha, na bwana alipewa kazi moja tu: kupita karibu naye bila kufanya chochote. Ilimshinda mwanzoni. Mtu aliyezoea kupiga kelele hajui kupita kimya.

Nyingine ilikuwa Ulyankulu, kwa familia moja ya Wakatoliki waliozaliwa na wazee waliotoka Burundi. Mbwa wao alikuwa anawafuata kanisani na kulia pamoja na kwaya, hasa sauti ya pili ikiingia. Katekista akasema huyo ana pepo. Nikaenda Jumapili, nikakaa nje, nikasikiliza. Kusema kweli mbwa hakuwa na kosa. Sauti ya pili ilikuwa inashuka vibaya mno. Lakini hilo huwezi kumwambia katekista. Nikashauri mbwa abaki nyumbani na nyanya yao, ambaye miguu ilikuwa haimruhusu kwenda mbali, wakae wasikilize ibada ya redioni. Nyanya akafurahi kupata mwenzake.

Lakini mbwa ninayemwota mpaka leo ni Karani wa Kwihara.

Karani alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, wa mzee mmoja mkulima na mke wake, Bibi Veronika. Waliishi wawili tu, watoto wako Dar es Salaam. Mzee alimwita Karani kwa sababu alikuwa anakaa mlangoni anakagua kila anayeingia na kutoka. Mbwa mpole. Mimi mwenyewe nilimchanja miaka yote na hakuwahi hata kunionyesha jino. Kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia ngedere wasimalize mahindi. Kisha mzee akaugua, akabebwa kwa machela hadi kwenye gari, akafia hospitali. Jeneza likatoka hospitali likaenda moja kwa moja kanisani, na kutoka kanisani makaburini. Nyumbani hakurudi tena.

Baada ya msiba Karani akaanza kung'ata. Kwanza mama mmoja wa jumuiya aliyekuja kuchukua sufuria lake kubwa la kupikia msibani. Halafu kijana wa jirani aliyeazima jembe. Mwishowe mwenyekiti wa kitongoji mwenyewe, aliyepewa boga na Bibi Veronika akaondoka nalo kwapani. Suruali ikapasuka, boga likapasuka. Wote walipelekwa kupata sindano, mbwa akafungwa akaangaliwa siku zote zinazotakiwa, akaonekana hana kichaa. Ila mwenyekiti alikwishachoka. Akasema Jumamosi askari wa bunduki anakuja, mbwa apigwe.

Bibi Veronika akanitumia ujumbe Alhamisi. Nikapanda bodaboda, kwa maana magoti ya baiskeli yalishanikimbia.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kinyamwezi chetu. Alikuwa amekaa mkekani barazani, kanga nyeusi, hakuinuka.

"Mwangaluka, mama. Pole na msiba."

"Nimeshapoa, mwanangu." Hakuwa amepoa hata kidogo. "Wakimpiga Karani, mimi hapa siwezi tena. Wanangu wanataka nihamie Dar. Nitakwenda. Shamba walime ngedere."

Nikaweka kigoda changu, nikampa mbwa mgongo. Karani akanijia papo hapo, akaninusa, akanilamba kiganja. Tukakaa, chai ikaletwa na binti wa jirani, tukaongea mpaka jua likapanda. Mbwa mkali gani huyu? Nikasimama, nikachukua mkoba wangu, nikaaga. Hapo hapo Karani akainuka akajiweka kati yangu na lango, meno nje, nywele za mgongo zimesimama.

Nikaweka mkoba chini. Akatulia.

Nikaenda langoni mikono mitupu. Akaniacha. Nikarudi, nikashika tena mkoba. Akasimama tena. Basi nikakumbuka la Mzee Mihayo, nikaacha kumtazama mbwa, nikamtazama mwenye mbwa. Bibi Veronika alikuwa ameshika pindo la kanga yake kwa ngumi mbili, macho yako kwenye mkoba wangu kana kwamba ndani yake kuna mtoto.

Nikakaa tena. "Mama, zamani mgeni akiondoka hapa ilikuwaje?"

"Ah, mzee alikuwa haachi mgeni atoke peke yake. Anambebea mzigo, tunamsindikiza wote watatu, mbwa mbele, mpaka barabarani."

"Na sasa?"

"Sasa mimi ni mjane. Shangazi zake walisema mjane hasindikizi mtu mpaka arobaini."

"Arobaini imekwisha, mama."

"Najua imekwisha," akasema kwa ukali, na uso akaugeuza.

Nikaelewa nusu. Mbwa huyu amekua akijua kwamba kitu kikitoka uani, mwenye nyumba yuko pamoja nacho. Sasa watu wanatoka na sufuria, na jembe, na boga, na mwenye nyumba amekaa mkekani kimya, moyo unamdunda. Kwa Karani hao wote ni wezi. Lakini hiyo ilikuwa nusu tu, kwa sababu mbwa hawi mkali hivyo kwa ajili ya sufuria. Nikauliza kitu cha kwanza kabisa kutoka uani baada ya maziko kilikuwa nini.

"Koti lake," akasema. "Alilichukua Kondo."

Kondo alikuwa fundi cherehani wa Isevya, Mzaramo, na Wazaramo ni watani wetu Wanyamwezi tangu babu zetu walipobeba mizigo kwenda pwani. Mnajua watani msibani. Siku ya matanga Kondo aliingia chumbani, akavaa koti la marehemu, akachukua fimbo yake, akatoka akitembea kama yeye, bega moja limeinama, akasema kwa sauti ile ile ya marehemu, "Vero, chakula kiko wapi?" Watu wakacheka mpaka wakalia. Karani akamrukia, anazunguka, analia kwa furaha. Kisha Kondo, kwa desturi, akaondoka na koti, akasema hatalirudisha mpaka wafiwa walikomboe. Mbwa akataka kulifuata. Wakamfunga kamba mpaka matanga yalipovunjwa. Na koti halikukombolewa.

"Mbona hamkulikomboa, mama? Si kuku mmoja tu?"

Akaanza kukusanya vikombe vya chai. Nikarudi mjini bila mkoba. Ulilala Kwihara, na sanduku langu la chakula ndani yake.

Ijumaa nikaenda Isevya. Kondo alikuwa kwenye cherehani, miwani puani.

"Aa, Mnyamwezi! Umekuja kutafuta mzigo wa kubeba?"

"Nimekuja kuona kama Mzaramo amewahi kumaliza nguo ya mtu kwa siku aliyoahidi."

Tukacheka. Koti lilikuwa limening'inia ukutani nyuma yake, limepigwa pasi. Nilipomweleza, miwani aliivua.

"Mimi nilikaa nikingoja," akasema. "Nikadhani watoto wake wa Dar wameudharau utani wetu. Kulirudisha bure siwezi, ni matusi kwa marehemu, utadhani hana watu. Nikawa naona aibu hata kupita Kwihara. Kumbe mbwa anauawa kwa ajili yangu?"

"Bado hajauawa. Kesho njoo na koti. Ila usilivae! Ukilivaa na kuanza maigizo yako, nitakushona mdomo kwa cherehani hii hii."

Mpango wangu ulikuwa mzuri, mtaona wenyewe. Koti likombolewe, nilitandike mlangoni, mbwa alilalie apate harufu ya mwenyewe, na pole pole nimfundishe Bibi kusindikiza wageni. Nilikuwa naomba tu mwenyekiti aniongezee muda.

Jumamosi asubuhi tulikuta wamefika. Mwenyekiti na suruali mpya, askari na bunduki yake ameiegemeza ukutani, majirani kwenye uzio. Karani alikuwa amelala miguuni pa Bibi, hana habari. Nikaomba dakika chache. Mwenyekiti akaguna, lakini akakaa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na kidonda tu.

Kondo akaingia na koti limekunjwa kwenye kitambaa. Binti wa jirani akamletea kuku mweupe, Bibi akampokea, akamkabidhi Kondo kwa mikono miwili, na koti likakombolewa. Karani aliinuka, akaingiza pua yake kwenye ule mkono wa koti, akabaki hapo. Mkia haukucheza. Nilimwangalia nikajua hakuna dagaa wa Kigoma atakayeitibu hali ile.

Nikaanza kulitandika koti chini. Bibi Veronika akanishika mkono.

"Acha," akasema. "Uliniuliza kwa nini sikulikomboa. Watoto walitaka, mimi nikawakataza. Siku ile Kondo aliposema chakula kiko wapi, mimi nilimjibu. Nikasema kiko jikoni, mume wangu, nakuletea. Watu wakacheka, wakadhani na mimi natania." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Tulikuwa wawili tu hapa ambao hatukucheka, mimi na huyu mbwa. Nikasema likikombolewa, litaletwa kwenye mfuko, halina mtu ndani. Lisipokombolewa, labda siku moja Kondo atalivaa tena aje."

Mwenyekiti alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nililia, na siwaonei haya kuwaambia.

Kisha akasimama. Nawaambia alisimama, yule mama ambaye tangu maziko hakuwa amevuka lango lake. Akalichukua koti akalikung'uta.

"Kondo, livae."

Kondo akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa, kwa maana mpango wangu ulikuwa umekwisha na wa Bibi ndio umeanza.

"Mume wangu alitoka hapa amebebwa," Bibi akasema, "sikumsindikiza. Niliambiwa nibaki, gari limejaa. Leo namsindikiza. Mwenyekiti, waambie watu watupishe."

Kondo akavaa. Hakuinamisha bega, hakuigiza. Akachukua kuku wake kwapani, na Bibi akamshika mkono, wakaanza kutembea kuelekea langoni. Askari akashika bunduki. Karani akatangulia, akafika langoni, akageuka. Nywele zikasimama kidogo. Akalitazama koti, akamtazama Bibi. Nikaangalia mikono ya Bibi: ilikuwa imelegea. Mbwa akasogea pembeni, akawapisha.

Wakatoka, Karani mbele, kama zamani, sisi wengine tukifuata kwa mbali. Wakafika pale njia ya kijiji inapokutana na barabara ya mjini. Bibi Veronika akasimama, akamnyoosha Kondo ukosi wa koti kama wake wanavyofanya mume anaposafiri.

"Haya, baba," akasema. "Mimi naishia hapa. Nenda salama."

Kondo akaenda. Hakugeuka, mabega yanatikisika, kuku analalamika. Karani alilitazama koti mpaka likapotea kwenye kona, akaketi, akangoja. Mwenyekiti akamwambia askari, "Rudi na bunduki yako." Bibi akasema, "Twende nyumbani." Mbwa akainuka, akatangulia njia ya kurudi.